Pumba kwa Kuku, Lawama kwa Mama

Mwaka juzi mke wa mdogo wangu, akiwa na mimba ya miezi sita, alipimwa damu katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Kipimo kilisoma gramu 7.4, ilhali kiwango tulichozoea kukitumia kliniki kwa mjamzito ni gramu 11. Muuguzi aliitazama karatasi, akamtazama yeye, kisha akasema mbele ya wanawake wengine waliokuwa wamejipanga kwenye benchi: "Mama, wewe hujui kula." Akamwandikia vidonge vya kuongeza damu. Dirishani akaambiwa vimekwisha, akanunue nje.

Jioni akanipigia simu. "Shemeji, wewe si daktari? Niambie basi nile nini." Nimekwisha kuwaeleza ndugu zangu mara nyingi kwamba udaktari wangu ni wa falsafa, wa kusimama ubaoni na kusahihisha mitihani, na kwamba sijawahi kumchoma mtu sindano. Safari hii sikuwa na pa kujifichia. Somo ninalowafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili ni baiokemia, na mada inayonichukua wiki mbili nzima kila mwaka ni hiyo hiyo aliyokuwa akiniuliza: jinsi chembe nyekundu ya damu inavyotengenezwa, inavyoishi na inavyokufa.

Nikamuuliza anakula nini. Asubuhi uji wa sembe. Mchana na jioni ugali wa sembe, kwa mchicha au matembele. Maharage mara mbili kwa wiki. Dagaa pesa ikipatikana. Nyama ni ya sikukuu. Hicho ndicho chakula cha kaya za kawaida katika wilaya ile, na mwalimu wa shule, mgambo na karani wa kijiji wanakula vivyo hivyo. Mwanamke yule anajua kula. Ameolewa katika nyumba ambayo kila senti ina kazi, na kwa senti hizo analisha watu sita bila kumwacha mmoja na njaa. Nisichoweza kukivumilia ni ile sentensi ya muuguzi, na simlaumu muuguzi mwenyewe, aliyekuwa zamu peke yake tangu alfajiri. Hakuitunga. Ameisikia kwenye semina, ameisoma kwenye mabango, ameisikia ikitoka vinywani mwa viongozi wanaozindua wiki za lishe: tatizo la wananchi wetu ni elimu.

Nataka kuonyesha kwamba sentensi hiyo ni ya uongo, na kwamba uongo huo una faida kwa watu fulani. Lakini kwanza niwapeleke darasani, kwa sababu siasa ya lishe isiyojua kinachotendeka ndani ya uboho huishia kwenye kugawa vidonge na kupiga picha.

Chembe nyekundu ya damu ni kiumbe wa ajabu. Inapokomaa hutupa kiini chake, hutupa pia mitokondria, yaani mitambo ambayo seli nyingine huitumia kuzalisha nishati kwa oksijeni. Hubaki kama kifuko laini kilichosheheni hemoglobini. Inabeba oksijeni ya mwili mzima na yenyewe haiitumii hata kidogo. Haina uwezo wa kujitengenezea protini mpya pale zile za zamani zinapochakaa. Huzunguka hivyo kwa siku 120 hivi, kisha wengu na ini huizoa. Kwa kuwa zinazozolewa ni nyingi mno, uboho wa mtu mzima hulazimika kuzalisha chembe mpya kiasi cha milioni mbili kwa kila sekunde. Soma tena sentensi hiyo, ndugu msomaji. Hadi umalize aya hii, mifupa yako itakuwa imetengeneza makumi ya mamilioni.

Kiwanda chenye kasi hiyo hakiendeshwi kwa madini ya chuma peke yake. Ili chembe-mama igawanyike na kuwa mbili, lazima kwanza inakili DNA yake yote, na ili inakili lazima iwe na folati, vitamini ya kundi la B ambayo pia tunaiita B9. Folati nayo hunaswa katika umbo lisilofaa kitu ikiwa vitamini B12 haipo kuifungua. Mojawapo ikikosekana, chembe hukua mwili bila kuweza kugawanyika. Uboho hujaa majitu makubwa, machanga, mengi yakifia humo humo kabla ya kuingia kwenye damu. Mgonjwa huyu anaweza kuwa na chuma cha kutosha na bado akapauka viganja kama karatasi.

Si hizo mbili tu. Hatua ya kwanza kabisa ya kutengeneza hemu, yaani sehemu ya hemoglobini inayokishika chuma, hufanywa na kimeng'enya kisichoweza kufanya kazi bila vitamini B6. B6 yenyewe huamshwa kwa msaada wa B2. Chembe ikishakomaa na kuingia safarini, chakula chake ni glukosi tu, na njia ya kuivunja glukosi hiyo hupitia kampaundi inayotokana na niasini, yaani B3. Oksijeni inayoibeba huishambulia yenyewe, kama kutu inavyoshambulia bati, na kinga yake dhidi ya kutu hiyo huhuishwa na kimeng'enya kinachotegemea B2. B1 nayo ina kazi yake katika njia ya pembeni ya glukosi inayoilisha kinga hiyo. Ndiyo maana maabara zinapotaka kujua kama mtu ana B1 au B2 ya kutosha, moja ya njia za kuaminika ni kuchukua chembe zake nyekundu na kupima kasi ya vimeng'enya hivyo. Chembe nyekundu hutoa ushahidi wa kile mtu alichokula na kile alichonyimwa.

Wanafunzi wangu huyajua haya yote na huyaandika vizuri kwenye mtihani. Miaka michache iliyopita mmoja wao, kijana mkimya wa kiti cha nyuma, aliniuliza baada ya kipindi: "Mwalimu, sasa kama hivi ndivyo, kwa nini kwetu tunawapa wajawazito rangi ya rozela?" Nilicheka, na ningali naona aibu kwa kicheko kile. Swali lilikuwa zito kuliko mhadhara. Rozela ina vitamini C inayosaidia chuma cha mimea kufyonzwa, kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wajinga, ila wekundu wa kinywaji haugeuki kuwa wekundu wa damu. Swali la kijana yule, nilivyolielewa baadaye, lilikuwa hili: kama sayansi inajua damu inahitaji nini, nani ameamua kwamba kwetu isipewe?

Mtu wa kwanza kuliuliza swali hilo kisayansi kuhusu folati alikuwa daktari Mwingereza, Lucy Wills. Mwaka 1928 alikwenda India kuchunguza upungufu mkali wa damu uliokuwa ukiwaangamiza wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay. Angeweza kutafuta kijidudu, na kweli alikitafuta bila kukipata. Angeweza pia kuandika kwamba wanawake wale ni washamba, jambo ambalo katika dola ya kikoloni lisingemshangaza mtu. Alichofanya ni kupima sahani. Alilinganisha chakula cha maskini na cha wenye nafasi, akawalisha wanyama wa maabara chakula kinachofanana na cha wanawake maskini, nao wakaishiwa damu. Kisha akagundua kwamba Marmite, ile lami nyeusi inayotengenezwa kwa mabaki ya hamira ya viwanda vya bia, iliwaponya. Dondoo ya ini iliyosafishwa sana, ambayo wakati huo ilikuwa ikitibu aina nyingine ya upungufu wa damu, haikuwafaa wagonjwa wake. Kwa hiyo kilichokosekana kilikuwa kitu kingine. Alichapisha matokeo mwaka 1931. Miaka kumi baadaye wanasayansi wa Marekani walikitenga kitu hicho kutoka kwenye majani ya spinachi na kukipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani: asidi ya foliki.

Tumejua, basi, kwa zaidi ya miaka 90 kwamba damu ya mwanamke maskini hupungua kwa sababu ya kilichomo na kisichomo sahanini mwake. Hapa kwetu, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, na asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Sidai kwamba yote hayo ni vitamini. Chuma ndicho kinachoongoza, na malaria, minyoo na selimundu vina fungu lao kubwa. Lakini malaria na selimundu huua chembe kabla ya siku zake, uboho hulazimika kufanya kazi maradufu, na uboho ukifanya kazi maradufu hula folati maradufu. Ukimwambia mwanamke huyo kwamba hajui kula, unamwambia nusu ya wanawake wa nchi hii hawajui kula. Taifa la namna hiyo lingekuwa limekwisha kutoweka.

Sasa twende mashineni.

Punje ya mahindi ina sehemu tatu: ganda, kiini na wanga. Vitamini za kundi B, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya madini viko kwenye kiini na kwenye tabaka za nje. Wanga una wanga. Ukisaga punje nzima unapata dona. Ukiikoboa kwanza, ukaondoa ganda na kiini, kisha ukasaga kilichobaki, unapata sembe, nyeupe pe, laini, isiyooza upesi dukani kwa kuwa mafuta yameondoka nayo. Kinachoondolewa kinaitwa pumba. Pumba zinafungwa kwenye viroba na kuuzwa kwa wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa, nao huzinunua kwa sababu wanajua thamani yake. Mfugaji wa kuku wa mayai haambiwi na mtu kwamba kuku wake hawajui kula. Anakwenda dukani, ananunua pumba, anaongeza mchanganyiko wa vitamini na madini uliopimwa kwa gramu, na banda linataga.

Kijijini kwetu nimesimama mlangoni mwa mashine nikayaangalia haya kwa macho yangu. Mama analeta debe la mahindi aliyoyalima yeye. Analipia kukobolewa, analipia kusagwa. Anaondoka na unga. Pumba, kwa desturi ya mashine ile, zinabaki kwa mwenye mashine. Mama amelipa pesa taslimu ili anyang'anywe vitamini zake, na siku nyingine akiwa na uwezo atazinunua tena zikiwa zimegeuzwa yai.

Mtaniuliza: kwa nini asile dona? Ni swali halali na jibu lake lina historia. Weupe wa unga katika nchi hii ni cheo. Wazazi wetu waliokula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, walijifunza kuuhusisha unga wenye rangi na njaa na udhalili. Dona ikawa chakula cha bweni, cha jela na cha wagonjwa wa sukari. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mgeni hawekewi dona. Tena dona haikai, huingia uchungu mapema, na mama asiye na nauli ya kwenda mashineni kila wiki analijua hilo kuliko afisa lishe. Mimi nyumbani nakula dona na ninaipigia debe. Ila sitawadanganya kwamba dona peke yake inamaliza kazi. Ina fitati, kemikali zinazokishika chuma kisifyonzwe vizuri. Folati yake haitoshi mjamzito. Na vitamini B12 haimo kabisa katika dona, wala katika mchicha, wala katika mmea wowote tunaoula: hutoka kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai. Kumwambia mtu ale vyakula vya asili bila kumwambia atapata wapi samaki ni mahubiri.

Serikali ilikwisha kuliona hili, na ni haki kulisema. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka msingi wa urutubishaji wa lazima wa unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula, na mwaka 2013 mpango wa kitaifa ukazinduliwa. Kwenye unga wa mahindi viwango vinataka chuma, zinki, asidi ya foliki na B12. Kisayansi ni orodha iliyofikiriwa vizuri, ingawa ningependa kuona B2 na B6 zikiingia. Kasoro iko kwenye mlango ambao sheria imeupitia. Imepitia mlango wa kiwanda kikubwa, kwa sababu kiwanda kikubwa kina jina kwenye pakiti, kina anwani, kina mhasibu na mtu wa kufikishwa mahakamani. Unga wa ngano ulifuata vizuri, kwa kuwa viwanda vyake ni vichache na vikubwa, tena ngano yenyewe nyingi huagizwa kutoka nje.

Mahindi hayako hivyo. Sehemu kubwa kabisa ya mahindi ya Tanzania husagwa na maelfu ya mashine ndogo zilizotapakaa kila kijiji na kila mtaa, na nyingi kati yake husaga kwa debe, mahindi ya mteja yakiingia na unga wake ukitoka. Hapo hakuna pakiti. Hakuna nembo. Mkaguzi hafiki, na akifika hana cha kupima. Matokeo yake ni haya: anayenunua mkate wa ngano mjini, ambaye pia hununua mayai na samaki, ndiye anayepewa foliki na B12 juu. Anayesagisha debe lake kijijini, ambaye sahani yake haina kingine, ndiye asiyepata. Mikoa ya nyanda za juu kusini, tunayoisifu kwa jina la ghala la chakula la taifa, ndiyo hiyo hiyo ambayo kila utafiti unaikuta juu kabisa kwenye orodha ya udumavu. Mahindi yamejaa maghalani na watoto wamedumaa. Mtu anayeona hali hiyo na bado akazungumzia elimu ana sababu zake za kutotaka kuangalia kwingine.

Teknolojia ipo. Kuna vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye mashine ya kijijini na kudondosha virutubishi kwa kipimo kulingana na uzito wa nafaka inayopita. Vimekwisha kujaribiwa na kutumika hapa hapa nchini. Kinachohitajika ni mtu wa kulipia kifaa, mtu wa kuhakikisha mchanganyiko unafika kabla ya ule wa kwanza kwisha, na mtu wa kukagua. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS. Sina ugomvi na uhamisho huo. Nauliza tu, katika kuhamisha mafaili, mashine ya kijiji iliingia kwenye faili la nani?

Najua pingamizi zitakazokuja, kwa sababu nimekwisha kuzisikia kwenye kumbi za chuo. Wapo wanaharakati wenzangu wa mrengo wa kushoto wanaosema urutubishaji ni biashara ya makampuni ya kemikali ya nje, kwamba tunauziwa vitamini za poda badala ya kudai ardhi, mishahara na nyama. Nawaheshimu, na nusu ya hoja yao naikubali. Mwanamke mwenye kipato kizuri na mbuzi wawili zizini hahitaji foliki ya poda kama anavyoihitaji huyu. Lakini mimba ni miezi tisa. Uboho hauwezi kungoja mageuzi ya ardhi. Tulitia madini joto kwenye chumvi na hatukusema tumeuza uhuru wetu, na rovu limepungua.

Wapo pia wanaochanganya unga uliorutubishwa na mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na uvumi kwamba ni dawa za kufunga uzazi. Uvumi huo haushindwi kwa kejeli. Unashindwa kwa kumwonyesha mtu kilichomo kwenye mfuko, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Nirudi kliniki, maana huko nako kuna mambo ya kusemwa, na nawaomba watumishi wa afya wanisome bila kukunja uso.

Tunawagawia wajawazito chuma na asidi ya foliki. Ni jambo jema. Ila mwanamke wetu huanza kliniki lini? Kwa mujibu wa utafiti ule ule wa 2015-16, ni mmoja tu katika kila wanne aliyehudhuria ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Folati ile ile inayonakili DNA ya chembe za damu ndiyo inayojenga uti wa mgongo wa mtoto, na mfereji wa uti huo hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, kabla wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Mwaka 1991 jaribio kubwa lililoongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilionyesha kwamba, kwa wanawake waliowahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo, foliki iliyoanza kabla ya mimba ilizuia asilimia 72 ya kujirudia kwake. Watoto wa mgongo wazi tunaowaona wakisubiri upasuaji katika hospitali zetu walikwisha kuumia kabla mama zao hawajakanyaga kliniki. Kidonge hakiwezi kurudi nyuma. Unga ungeweza kumkuta mama mapema, kwa sababu unga anaula kila siku, mimba ikiwepo au isiwepo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo halizungumzwi nje ya vitabu vya miongozo. Mjamzito hupewa vidonge vya SP kumkinga na malaria. SP humuua mdudu wa malaria kwa kumzuia asitengeneze na kutumia folati. Sasa mama akipewa siku hiyo hiyo foliki ya miligramu 5, mdudu naye anaokolewa. Shirika la Afya Duniani limeonya wazi kwamba dozi ya miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja na SP, na kwamba dozi ya kila siku kwa mjamzito ni miligramu 0.4. Kidonge cha miligramu 5 kina kazi zake halali, mathalani kwa wagonjwa wa selimundu, ambao chembe zao huishi siku kati ya kumi na ishirini badala ya 120. Lakini kituo kinapoishiwa vidonge vya mchanganyiko na mama akaambiwa akanunue nje, duka la dawa la karibu linamuuzia foliki iliyopo, na mara nyingi iliyopo ni ya miligramu 5. Hivyo ndivyo sentensi ya "vimekwisha, kanunue nje" inavyoweza kumpokonya mwanamke kinga ya malaria bila mtu yeyote kukusudia. Hilo nalo mtalitia kwenye hesabu ya elimu duni ya mama?

Faida ya uongo niliyoitaja mwanzoni iko hapa. Ukisema tatizo ni elimu, gharama yake ni bango, fulana na posho za semina. Ukisema tatizo ni mashine isiyo na kifaa, dirisha lisilo na vidonge na sahani isiyo na samaki, gharama yake ni bajeti, na bajeti ina mwenyewe. Wakuu wa mikoa husaini mikataba ya lishe. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Shilingi elfu moja, msomaji, kwa mwaka mzima. Ni bei ya mayai mawili. Na kutenga ni kuandika tu. Kutoa ni tendo jingine.

Kwa hiyo nina maombi kwa wasomaji wa ukurasa huu, kila mmoja kwa nafasi yake. Wewe mwanafunzi unayekwenda likizo: nenda kwenye mashine ya kijiji chenu ukahesabu. Inasaga madebe mangapi kwa siku, inakoboa kiasi gani, pumba zinakwenda wapi na kwa bei gani. Niletee hesabu hizo, tutazijumlisha pamoja. Wewe mwanaharakati: kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi. Hudhuria kile cha taarifa ya robo mwaka, uliza fungu la lishe lilitengwa kiasi gani na limetoka kiasi gani, na udai jibu kwa tarakimu. Nawe mtumishi wa umma, uliyesoma hadi hapa pengine kwa kuudhika: orodha ya mashine za kusaga katika wilaya yako iko kwa afisa biashara, kwa sababu zinalipa leseni. Siku zote mmejua zilipo pale mnapotaka kodi.

Shemeji alijifungua salama, mtoto wa kike, kilo 2.3. Vidonge tulimnunulia, vya mchanganyiko sahihi, na mdogo wangu aliuza mahindi gunia moja ili kununua dagaa. Mwezi uliopita nilipofika kwao aliniwekea ugali wa sembe kwa kuwa mimi ni mgeni, na sikuwa na uso wa kumwomba dona. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake. Nilimshika kiganja nikakifungua kutazama rangi, kama ninavyowafundisha wanafunzi. Alikuwa amepauka.